Kreatini inaingia kwenye misuli au inaishia kwenye mkojo? Wajuzi naomba mnieleweshe

#1 MbioMita200
Wakuu, salaam. Niende kwenye mada.

Nakimbia mita 200 na vijiti vya 4x400 na klabu yetu hapa Dar. Tangu msimu uliopita natumia kreatini, ule unga mweupe wa kawaida wa kuongeza nguvu ya misuli. Gramu 5 kila asubuhi kabla ya tizi, nakoroga kwenye maji, nakunywa tumbo tupu, natoka. Mwenzangu mmoja wa timu tulianza pamoja, kopo tunachangia. Yeye kaongezeka kilo karibu mbili, na kocha akitupa marudio ya mita 60 yeye yale ya mwisho bado anashikilia muda wake wakati mimi nimeshakatika. Mzani wangu haujasogea.

Jimu wananiambia yote naikojoa. Mmoja anasema ninywe na soda, mwingine niweke chumvi, mwingine ninunue aina ya bei kali. Nini hasa kinaamua kreatini iingie kwenye msuli, na nifanyeje iingie zaidi? Naomba tusianze na "acha madawa", hii si dawa.

#2 Ngoja_Waje
Nimeshakaa na kikombe changu cha kahawa. Wajuzi piteni.

#3 ChumaMabibo
Mkuu, shida ni hilo tumbo tupu. Kreatini inataka sukari. Ukila kitu kitamu insulini inapanda, na insulini ndiyo inayoipeleka kwenye misuli. Mimi nashushia na soda mbili baada ya kupiga chuma na matokeo nayaona. Mengine yote ni biashara za watu.

#4 Seli_Hai
ChumaMabibo ana hoja, ila tuanze na njia yenyewe ili tujue tunabishania nini.

Utumbo hauna tatizo na kreatini. Karibu yote unayomeza inaingia kwenye damu, na kwa gramu 5 kiwango kinafika kileleni ndani ya saa moja au mbili. Ugumu uko mbele. Ndani ya msuli tayari kuna kreatini nyingi kuliko kwenye damu, tena kwa mbali sana, kwa hiyo haiwezi kuingia kwa kujipenyeza tu. Inavutwa na protini iliyokaa kwenye ukuta wa seli, jina lake SLC6A8, na kila molekuli ya kreatini inaingia ikiandamana na sodiamu mbili na kloridi moja. Kinachovuta ni tofauti ya sodiamu: nje nyingi, ndani kidogo.

Insulini inaonekana kuichangamsha pampu inayotoa sodiamu nje ya seli, tofauti ile inakuwa kubwa zaidi na kreatini inavutwa kwa nguvu. Mwaka 1996 Green, Greenhaff na wenzao kule Nottingham waliwapa watu gramu 5 za kreatini mara nne kwa siku, siku 5. Kundi moja likaongezewa gramu 93 za sukari rahisi kwa kila dozi. Wakachukua vipande vya msuli kwa sindano na kupima. Waliokunywa na sukari walikuwa na ongezeko la kreatini kubwa kwa takriban asilimia 60 kuliko la wale wasioipata.

Kwa hiyo sukari inafanya kazi. Angalia kipimo chake tu.

#5 MamaWawili_Arusha
Seli_Hai asante, sasa tupige hesabu ambayo vijana hawapigi. Gramu 93 mara nne ni gramu 372 za sukari kwa siku moja. Soda ya kola ya mililita 300 ina kama gramu 32. Hizo ni soda zaidi ya 11 kwa siku! Na mdogo wangu ChumaMabibo na soda zake mbili anapata gramu 64 tu, hata kipimo cha utafiti hajakifikia, ila meno na kitambi vinakifikia.

Mimi ni wa lishe, na baba yangu ana kisukari. Mwenye sukari asije akasoma uzi huu akaanza kuiga. Tena jaribio la siku 5 ni kitu kimoja, kunywa hivyo msimu mzima ni kingine.

#6 ChumaMabibo
Dada umenimaliza. Kitambi sina, njoo Mabibo uhakikishe 😂

#7 MamaWawili_Arusha
Mabibo siji. Ila nikupe njia nyingine. Mwaka 2000 Steenge na wenzake walilinganisha. Kreatini pamoja na karibu gramu 50 za protini na gramu 47 za wanga ilibakizwa mwilini sawa na ile iliyonywewa na gramu 96 za wanga peke yake. Insulini ilipanda karibu sawasawa. Nusu ya wanga peke yake, bila protini, haikufua dafu.

Maana yake ni sahani ya chakula cha kueleweka. Wali maharage na kipande kizuri cha samaki, au ugali na nyama na maziwa mgando pembeni. Hakuna ulazima wa kuigeuza damu kuwa sharubati.

#8 Kocha_wa_Zamani
Vijana, mnaongea chakula, chakula. Msuli wenyewe umefanya nini siku hiyo?

Kazi ya kwanza kubwa kwenye jambo hili ni ya Harris, Söderlund na Hultman kule Sweden, 1992. Wengine wanaitaja tu kwa ile habari ya gramu 20 kwa siku. Ndani yake kuna jaribio zuri mno. Walichukua watu 5, wakawapa kreatini, kisha wakawaendesha baiskeli kwa mguu mmoja, saa moja kila siku, mguu wa pili umepumzika. Mtu yuleyule, damu ileile, chakula kilekile. Kabla ya kuanza wastani ulikuwa milimoli 118 kwa kilo ya msuli uliokaushwa. Mguu uliopumzika ukafika 148. Mguu uliofanya kazi ukafika 162.

Kwa hiyo damu inapita kotekote, lakini msuli uliofanya kazi ndio unaochukua zaidi. Kwa nini kijana anakunywa KABLA ya mazoezi, tumbo tupu? Anywe baada, akiwa anakula. Mimi wanariadha wangu ndivyo nilivyowaelekeza siku zote.

#9 Seli_Hai
Kocha, jaribio hilo ni zuri kweli na namba zake ni hizohizo. Ila kabla au baada ya mazoezi ni suala dogo kuliko linavyosemwa. Antonio na Ciccone walilipima mwaka 2013: waliokunywa baada ya tizi walikuwa mbele kidogo tu, na kundi lenyewe lilikuwa dogo. Mguu wa Harris uliendeshwa kila siku kwa siku kadhaa. Unatuambia mazoezi yanasaidia, hautuambii kwamba ukichelewa nusu saa umekosa.

#10 Kocha_wa_Zamani
Nimekuelewa mwanangu. Mbele kidogo kwenye mita 200 ni medali lakini.

#11 RagaKakamega
Habari za Dar. Mimi nacheza raga ya wachezaji saba huku Kenya, na swali langu kwa mwenye uzi ni moja: unakula nyama kiasi gani?

Nauliza kwa sababu kwenye timu yetu tuliona kitu hichohicho. Wale wa nyama choma kila Jumapili na katikati ya wiki hawakubadilika sana. Kuna winga wetu mmoja, mtu wa sukuma wiki na maharagwe tu, yeye alianza kreatini na ndani ya muda mfupi akawa anarudia mbio kama hajakimbia. Nyama mbichi ya ng'ombe ina kama gramu 4 hadi 5 za kreatini kwa kilo, samaki wengi wako karibu na hapo. Msuli una kikomo. Ndoo ikiwa karibu kujaa utaongeza nini?

#12 MbioMita200
RagaKakamega umenigusa. Nyumbani tuna bucha, kaka yangu ndiye anaiendesha. Nyama nakula karibu kila siku, na samaki. Na yule mwenzangu, sasa ndiyo nakumbuka, hali nyama wala samaki tangu utotoni. Kwao ni mboga, kunde, karanga.

Ila na yeye kuna tofauti nyingine: hanywi tumbo tupu. Anachanganya kwenye uji na kula mihogo au viazi kabisa, halafu ndiyo anakuja uwanjani.

#13 RagaKakamega
Basi kesi imeisha bana.

#14 Seli_Hai
Haijaisha. Kuanzia chini kunasaidia, hilo lina ushahidi. Harris aliliona tangu 1992: walioanza na kreatini kidogo ndio walioongezeka zaidi. Wasiokula nyama huwa na kiwango cha chini kwenye misuli na hupanda vizuri wakianza kutumia. Na Greenhaff mwaka 1994 alionyesha kuna watu ambao msuli wao haukupanda cha maana hata kwa gramu 20 kwa siku.

Ila angalia namba. Wastani wa mtu wa kawaida anayekula nyama ni karibu milimoli 120 kwa kilo ya msuli uliokaushwa, na kikomo kinachotajwa ni karibu 160. Nafasi ipo. Hata ukila robo kilo ya nyama kwa siku unapata gramu 1 hivi, na moto unapunguza kidogo. Bucha peke yake haimjazi mtu mpaka juu. Labda mwili wake una kiwango cha juu kwa maumbile, na nyama inaongezea kidogo.

#15 Mlima_Meru
Kuna jambo hamjaligusa: aina ya nyuzi za misuli. Syrotuik na Bell, 2004, waliwagawa watu kwa jinsi walivyoitikia. Walioitikia vizuri walikuwa na kiwango cha chini mwanzoni, nyuzi nyingi zaidi za kasi, na msuli mkubwa zaidi. Wasioitikia walikuwa kinyume chake. Labda kijana wetu ana nyuzi za polepole. Ahamie mita 1500, Bayi aliwahi kuvunja rekodi ya dunia hapo, 1974 😀

#16 Kocha_wa_Zamani
Mlima_Meru, mtu wa mita 200 unamwambia ana nyuzi za polepole? Asingefika fainali ya mkoa. Na huo utafiti ulikuwa na watu 11 tu. Usimhamishe mtoto wa watu mbio kwa watu 11.

#17 MbioMita200
Asante Kocha. 1500 siendi.

#18 MwanaKongowea
Assalaam aleykum. Nyinyi watu wa bara mwahangaika na soda na huku pwani tuna uwatu, zile mbegu za viungo. Mimi nautia kijiko kimoja majini usiku, asubuhi nakunywa na kreatini yangu. Hata makopo ya ng'ambo siku hizi yaandika uwatu nyuma, someni lebo. Sukari hakuna, gesi hakuna, kitambi hakuna. Nguvu nimeziona waziwazi kwenye skwati.

#19 BiKarafuu
Waaleykum salaam kaka. Uwatu sisi Unguja tumekua nao, mzazi hajamaliza wiki keshaletewa. Lakini uwatu unashusha sukari ya damu. Mwenye kutumia dawa za kisukari akiuongeza bila kumwambia daktari anaweza kushuka vibaya. Hilo lisemwe kwanza, nguvu za skwati baadaye.

Nami nina swali. Mimi nacheza netiboli, uzito wangu mdogo. Hizi gramu 5 za wanaume ni zangu pia? Na Ramadhani naifanyaje?

#20 Seli_Hai
MwanaKongowea, jaribio la uwatu lipo. Taylor na wenzake, 2011: kundi moja kreatini na gramu 70 za sukari, jingine kreatini kidogo zaidi, gramu 3.5, na miligramu 900 za dondoo ya uwatu. Baada ya wiki 8 makundi yote mawili yalikuwa yamepata nguvu kuliko wasiopewa kreatini. Wao waliona ni dalili kwamba uwatu unaweza kushika nafasi ya sukari. Kasoro ninayoiona ni kwamba walipima nguvu, hawakuchukua kipande cha msuli. Inawezekana gramu 3.5 peke yake ingetosha bila uwatu.

#21 MwanaKongowea
Shekhe, mimi nguvu ndiyo nitakayo. Kipande cha msuli nikipeleke wapi?

#22 Kocha_wa_Zamani
BiKarafuu binti yangu, kipimo kinachofuata mwili ni kama gramu 0.1 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Una kilo 55, gramu 5 na nusu. Wengi wanatosheka na 3 hadi 5. Ramadhani kunywa na futari. Umeshakula tende, uji, na chakula chenyewe, basi changanya hapo. Misuli iliyojaa haiishiwi kwa kufunga mchana. Mtu akiacha kabisa inachukua wiki 4 hadi 6 kurudi ilikokuwa.

#23 MzigoMpya
Mnazunguka bure. Kreatini ya kawaida imepitwa. Tafuta ya hidrokloridi au ile iliyopunguzwa asidi, dozi ndogo, inaingia yote, hakuna kujaa maji. Bei kubwa lakini hukojoi hela.

#24 MtuWaMaabara
MzigoMpya, taratibu. Hidrokloridi inayeyuka vizuri zaidi kwenye maji, kweli. Lakini tumeshaambiwa na Seli_Hai #4 kwamba ya kawaida nayo utumbo unaichukua karibu yote. Kuyeyuka kwenye glasi na kuvutwa na msuli ni vitu viwili.

Hiyo ya kupunguzwa asidi ilipimwa na Jagim na wenzake mwaka 2012, kwa vipande vya msuli, na haikuishinda ya kawaida. Ile ya esta ndiyo mbaya zaidi: Spillane, 2009, aliona inawapandishia watu kreatinini kwenye damu, yaani inaharibika kabla ya kufika. Mtu ananunua kwa bei mara tatu kitu kinachogeuka taka.

Na mnisikilize hapa kwa sababu nakutana nalo kazini. Ukitumia kreatini kipimo cha kreatinini kinaweza kupanda kidogo, kwa sababu kreatinini ndiyo kreatini iliyochakaa. Vijana wanapimwa kwa sababu nyingine, namba inasoma juu, familia nzima inalia kwamba figo zimekufa. Mwambie anayekupima kwamba unatumia. Kipo kipimo kingine cha figo, sistatini C, ambacho hakitegemei kreatini. Kwa mtu mwenye figo nzima, tafiti za dozi za kawaida hazijaonyesha madhara. Mwenye ugonjwa wa figo asiguse bila daktari wake.

La mwisho: msikoroge asubuhi mkanywa jioni. Unga mkavu unadumu, lakini kwenye kimiminika, hasa chenye uchachu kama juisi ya ukwaju au ndimu, inaanza kugeuka kreatinini. Koroga, kunywa. Na maji ya uvuguvugu yanayeyusha vizuri zaidi. Yale machenga yanayobaki chini ya glasi ndiyo yanayowasumbua wengi matumbo.

#25 BiKarafuu
Kumbe yule jamaa wa uji alikuwa na akili kuliko wote.

#26 Ngoja_Waje
Nimesoma yote. Swali dogo: hiki kikombe changu cha kahawa kinaua kreatini? Jimu wananiambia hivyo kila siku.

#27 RagaKakamega
Chanzo cha maneno hayo ni utafiti wa Leuven, Ubelgiji, 1996. Walitoa kreatini na kafeini miligramu 5 kwa kilo, dozi nzito, si kikombe cha mtaani. Nguvu haikupanda kama kwa wale wa kreatini peke yake. Lakini fosfokreatini, yaani kreatini iliyobeba nishati ndani ya msuli, ilipanda sawa kwa wote! Kwa hiyo kafeini haikuizuia kuingia. Baadaye wakaona kafeini inachelewesha msuli kulegea baada ya kukaza, na kreatini inafanya kinyume chake. Pengine vinagombana hapo.

Mimi nakunywa chai ya maziwa asubuhi, kreatini jioni. Yaishe.

#28 Ngoja_Waje
Kikombe kinaendelea. Asante kiongozi.

#29 Chumvi_ya_Bahari
Kama sodiamu ndiyo inayovuta kreatini, kwa nini hamumwambii aweke chumvi? Nusu kijiko kwenye maji. Mimi nafanya na mishipa inatoka vizuri.

#30 Seli_Hai
Kwa sababu sodiamu iliyoko nje ya seli tayari ni tele, karibu milimoli 140 kwa lita ya damu, na mwili unailinda isisogee. Ukila chumvi zaidi unapata kiu, na mwenye presha anapata tatizo. Mishipa kutokeza si ushahidi wa kreatini.

#31 Chumvi_ya_Bahari
Wewe unaongelea damu, mimi naongelea utumbo. Kwenye utumbo nako kuna visafirishi vya sodiamu. Sijakubali.

#32 Mbulu_Runner
Samahani kuingilia. Mimi ni wa nusu marathoni na marathoni. Nami nianze?

#33 Kocha_wa_Zamani
Fosfokreatini inarudisha nishati haraka kwenye kazi kali ya sekunde chache, 10 hivi, kisha mtu apumzike, arudie. Ndiyo faida anayoitafuta mwenye uzi kwenye marudio yake. Hata Umoja wa Ulaya walipoidhinisha maneno ya kuandika kwenye lebo waliruhusu kwa juhudi fupi kali za kurudiarudia, gramu 3 kwa siku. Wewe unabeba mwili wako kilomita 42. Kreatini inavuta maji kwenye misuli, kilo 1 au 2. Utazibeba mpaka mwisho. Labda kama unafanya kazi ya kasi msimu wa maandalizi, kisha uache mapema kabla ya mbio.

#34 Mbulu_Runner
Kilo 2 kwenye mlima wa mwisho? Hapana. Asante Mwalimu.

#35 Kopo_Halali
Nyote mnadhani kwenye kopo kuna kreatini. Mimi nilinunua duka moja mjini, unga ulikuwa mtamu! Kreatini safi haina utamu, ina uchungu kidogo na machenga madogo. Mwenye uzi, yako ina ladha gani?

Na kwa wanaoshindana rasmi: kreatini haimo kwenye orodha ya vitu vilivyokatazwa ya WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa michezoni, lakini unga uliochanganyika na kitu kingine kiwandani utakufungia wewe, si kiwanda. Sheria inamshika mwanariadha kwa kilichokutwa mwilini mwake. Tafuteni makopo yenye alama ya kupimwa kundi kwa kundi, Informed Sport au NSF Certified for Sport, na mhakiki namba ya kundi kwenye tovuti yao.

#36 MbioMita200
Haina ladha, machenga yapo. Na kopo ni moja na mwenzangu, yeye imemfanyia kazi. Kwa hiyo feki tuiondoe.

#37 Mlima_Meru
Swali ambalo hakuna aliyeliuliza: tangu msimu uliopita ni muda mrefu. Hultman 1996 alionyesha gramu 3 kwa siku kwa siku 28 zinafikisha msuli palepale wanapofika waliokunywa gramu 20 kwa siku 6, ongezeko la karibu asilimia 20. Hakuna sukari ya ziada, hakuna uwatu. Wewe gramu 5, miezi. Tumbo tupu au lililoshiba, ulishajaa zamani! Soda na sahani za wali zinaharakisha tu siku za mwanzo. Baada ya hapo ziada lazima uikojoe, na hilo si hasara, ni kawaida.

#38 ChumaMabibo
Kama alishajaa mbona anakatika kwenye marudio?

#39 Mlima_Meru
Labda anakatika kwa sababu mwenzake ana pumzi kuliko yeye. Si kila kitu ni kreatini.

#40 Seli_Hai
Hoja ya Mlima_Meru ni nzito, lakini hao wa Hultman ni wastani. Ndani ya wastani wamo wasiopanda. Na kuna wazo jingine: ukiijaza damu kreatini muda mrefu, seli inapunguza visafirishi vyake, zile protini za ukutani zinazoivuta. Kwa panya walioshibishwa dozi kubwa ilionekana, 1998. Kwa binadamu Tarnopolsky alipoangalia mwaka 2003 hakuona maagizo ya kutengeneza visafirishi yakipungua. Wanaoipumzisha kreatini mwezi kwa mwezi, hoja yao inasimama kwenye panya hao.

#41 MzigoMpya
Kwa hiyo apumzike?

#42 Seli_Hai
Nisingemwambia apumzike kwa sababu ya panya. Ila kama anataka kujua kweli, kuna njia: aache wiki 6 msuli urudi, kisha aanze upya na chakula, baada ya tizi. Apime marudio 6 ya mita 60, mapumziko yaleyale, uwanja uleule, mtu yuleyule wa saa, kabla na baada. Mzani aupuuze. Kuna watu wanapata nguvu bila kilo hata moja, na kuna wanaopata kilo kwa chumvi za Chumvi_ya_Bahari.

#43 Chumvi_ya_Bahari
Nimekuona.

#44 MamaWawili_Arusha
Na kwenye hizo wiki 6 asibadilishe chakula! Nyama ya bucha ibaki kiasi kilekile, la sivyo hatutajua ni kipi kimefanya kazi.

#45 Kocha_wa_Zamani
Wiki 6 bila kreatini na mashindano ya taifa yanakaribia? Haiwezekani. Kijana, kuanzia kesho hamishia baada ya mazoezi, pamoja na chakula. Majaribio ya kuacha tutayafanya msimu ukiisha, na saa nitaishika mimi.

#46 MbioMita200
Nimepokea Kocha. Kesho naanza na uji wa yule mwenzangu. Msimu ukiisha narudi na muda wa marudio yote sita, wangu na wake.

#47 ChumaMabibo
Ukirudi leta na muda wa siku uliyokunywa soda.